Nilivyomnasa Ticha Mumbi na Sigara

Leo nimeumbuka, na bado hata chai ya saa nne sijanywa. Walio kwenye grupu la wazazi wameshaona kila kitu. Nyinyi wenzangu wa bodaboda hapa stejini, kabla hamjaletewa habari iliyotiwa chumvi, acheni niwasimulie mwenyewe. (Na wewe unayecheka tayari, nakujua.)

Mnamjua binti yangu Shiru. Ana miaka mitatu na mdomo wa mtu mzima. Mamake hutoka mapema kwenda kuuza mboga sokoni, kwa hivyo mimi ndiye humpeleka kwenye kituo cha watoto kabla sijaanza kubeba wateja. Hukaa mbele yangu kwenye pikipiki, amefunikwa jaketi langu, ameshika vioo kwa mikono yake miwili kama ndiye dereva. Namshusha getini, napiga honi, naondoka mbio.

Kituo hicho tulikipata kwa jasho. Cha kwanza watoto walikuwa wanawekwa mbele ya televisheni kutwa nzima. Cha pili Shiru alilia mpaka sauti ikakauka. Hapa pana mlezi anaitwa Ticha Mumbi, na Shiru akimwona husahau hata kuniaga. (Inauma kidogo, lakini tuyaache.)

Sasa, Jumatatu. Baridi ya Julai mnaijua, ile ya kukufanya uoshe uso peke yake na uite hiyo kuoga. Nimeshamshusha Shiru, nimefika kwenye kona, nikatupa jicho kwenye kioo cha pikipiki. Nikaona nini? Ticha Mumbi yuko pale getini, amenipa mgongo. Mkono mdomoni. Halafu moshi, fuuu! Mkono mdomoni tena. Fuuu!

Sigara! Mbele ya watoto wetu! Nilikasirika mpaka mteja wangu wa kwanza nikampitisha kwake, akanigonga helmeti ndipo nikasimama.

Jioni nikamwambia Mama Shiru.

"Ticha Mumbi anavuta."

"Ticha Mumbi? Yule wa kwaya?"

"Kwani watu wa kwaya hawana mapafu?"

"Baba Shiru, si ni wewe uliamsha majirani ati kuna chui kwa zizi, kumbe ni blanketi?"

(Lilikuwa blanketi la madoadoa. Na lilikuwa linatikisika.)

Hapo Shiru, ambaye tulidhani anakula, akainua mikono yake mdomoni, akavimbisha mashavu, akapuliza. "Ticha anafanyanga hivi. Fuuu!" Mama Shiru akaweka sufuria chini. Mimi nikaegemea kiti kama wakili aliyeshinda kesi.

Jana nikaingia kwenye grupu la wazazi. Sikutaja jina. Niliuliza tu kama tunajua walezi wa watoto wetu wanavuta nini pale getini. Weh! Simu iliwaka moto. Mama Jayden akasema ndiyo maana mwanawe anakohoa. Mwingine akasema sweta la mtoto wake lilirudi likinuka moshi (yeye hupikia kuni, lakini nilimuunga mkono). Mwingine akauliza watoto wetu wataiga nini, na kifua cha mtoto mdogo kitastahimili vipi moshi wa mtu mzima. Maswali ya maana kabisa. Ndipo Madam Njoki, mwenye kituo, akaandika: "Mzazi akiniletea ushahidi, huyo mtu hatakula lunch hapa."

Ushahidi! Na nani wa kuuleta, kama si mimi?

Leo asubuhi nikajipanga. Helmeti kichwani, skafu mpaka puani, glavu zangu nzuri za ngozi mkononi. Nikamshusha Shiru, nikapiga honi, nikaondoka kama kawaida. Kwenye kona nikaegesha pikipiki, nikaingia shamba la jirani, nikatambaa kwenye majani ya ng'ombe mpaka kwenye ua wa kaiyaba. Mnaijua miiba ya kaiyaba. Palikuwa na ng'ombe amefungwa hapo hapo, kichwa chake kimepenya mwanya wa ua. Akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni mwangu ili anyamaze.

Nikavua glavu moja, nikatoa simu, nikaanza kurekodi. Ticha Mumbi alikuwa amechuchumaa, mgongo kwangu, watoto wamepanga foleni mbele yake. Mkono mdomoni. Fuuu! Mtoto anasogea, anakuja mwingine. Fuuu! Jamani, alikuwa anawapulizia usoni! Mmoja mmoja! Na wao wanacheka!

Nikatuma video kwenye grupu kwa herufi kubwa: JIONEENI! ANAWAPULIZIA WATOTO! Kisha nikavaa glavu yangu haraka, maana vidole vilikuwa vimeganda. Madam Njoki akajibu hapo hapo: "Nimeona. Niko karibu na geti. Leo ni leo."

Nilijisikia mkubwa. Nilimtazama ng'ombe kama mwenzangu wa kazi.

Ndipo ukaja ujumbe wa Mama Jayden: "Baba Shiru, na hiyo ng'ombe iko kwa kona ya video inavuta sigara gani?"

Nikageuka. Ng'ombe akashusha pumzi. Fuuu! Wingu zima.

Nikawatazama watoto. Fuuu, fuuu, fuuu, kila mmoja na kijiwingu chake. Jamani, baridi! Mimi, mzaliwa wa baridi ya Tetu, niliyekua nikipuliza mvuke kila asubuhi njiani kwenda shule! Mimi ambaye kioo cha helmeti yangu huziba kila nikipumua!

Futa! Futa haraka! Nikabonyeza video. Simu ikakataa. Nikabonyeza kwa nguvu. Kumbe glavu! Nikaishika kwa meno niivute, nikajirudisha nyuma, na kaiyaba ikanidaka. Mwiba mmoja kwenye mkono wa jaketi, mwingine kwenye suruali (mahali ambapo sitapataja), na wa tatu ukaondoka na skafu yangu. Mdomo ukabaki bila kifuniko, nahema kwa hofu, na juu ya ua ukapanda moshi mwingi wa mwanamume mzima.

"Ticha! Ticha!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Kuna mtu kwa ua anavuta sigara!"

Ticha Mumbi alikuja mbio na mwiko wa uji.

"Nani huko? Toka!"

"Ni mimi," nikasema, glavu bado kwenye meno.

"Mimi ni nani?"

"Baba Shiru."

Akachungulia kwenye mwanya. "Baba Shiru, unafanya nini na ng'ombe ya wenyewe?"

Nikamgeukia ng'ombe anisaidie. Madam Njoki naye akaingia getini, simu juu kama mwenge.

"Mumbi! Sigara iko wapi?"

"Sigara gani, Madam?"

"Usinichezee! Nimeona na macho yangu!"

Ticha Mumbi akabana mwiko kwapani, akafungua mikono yake yote miwili. Hamna kitu. Mimi niko ndani ya miiba, glavu imening'inia mdomoni, na nikaelewa kwamba mtu anakaribia kupoteza kazi kwa sababu ya kioo cha pikipiki yangu.

Sasa Shiru wangu akatoka kwenye foleni. Hakujali Madam wala mimi. Akamnyooshea Ticha vidole vyake, vyekundu kabisa.

"Ticha, na mimi bado!"

Na Ticha Mumbi, kabla hajamjibu mwajiri wake, akachuchumaa, akaikusanya mikono ya Shiru ndani ya yake, akaisogeza mdomoni, akapuliza. Fuuu. Akaisugua. Akapuliza tena.

"Hii ndio sigara yangu, Madam," akasema. "Hawa wa kuletwa na pikipiki mikono yao hukuja kama imetoka kwa friji. Wengine hawawezi hata kushika kikombe ya uji."

Wote wakanigeukia. Hasa wakatazama mikono yangu. Glavu ya ngozi upande mmoja, na mwenzake mdomoni.

Nilitamani ng'ombe animeze.

"Kwa hivyo ni wewe, Baba Shiru," Ticha akasema polepole. "Ungenifutisha kazi juu ya kupasha mtoto wako joto?"

Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa. Nikaomba msamaha, lakini maneno marefu hayakupita kwenye glavu, hakuna aliyeelewa. Nikaitema nikaomba tena. Akauchomoa mwiko kwapani, akauinua juu, nikajua kama ni wa kunipiga nao basi ni haki yake. Ghafla midomo yake ikaanza kucheza. Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. Madam Njoki akairudia video, akafika pale kwa ng'ombe, akalazimika kuketi kwenye ndoo. Watoto nao wakacheka bila kujua ni nini. Ng'ombe akatoa fuuu moja, nikaona hata yeye ananicheka.

Walikata miiba kwa panga ndipo nikatoka kwenye ua. Suruali haikupona. Madam akamwambia Ticha achague adhabu yangu, naye hakufikiria sana.

"Kwa vile uko na moshi mingi, simama hapo getini, umalizie hawa."

Nikasimama. Nikachuchumaa. Nikapuliza vidole vya watoto wa watu, wazazi wakifika mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akisema, "Ala! Baba Shiru, umeanza kuvuta?" Wa mwisho alikuwa Shiru mwenyewe. Nikapuliza kwa moyo wangu wote. Akaitoa mikono yake.

"Daddy, yako haina joto. Ticha ndio anajua."

Basi nimetoka hapo moja kwa moja hadi sokoni, nimetafuta glavu ndogo, za rangi ya waridi, zenye sungura. Nimerudi nazo kituoni mbio, suruali nimeifunika kwa jaketi. Shiru amezivaa. Amezitazama huku na huku. Kisha amezivua, akanirudishia.

"Sasa Ticha atapuliza wapi?"

Kwa hivyo niko hapa stejini na glavu za sungura mfukoni, na mwenye mtoto wa mikono midogo anione. Ila aje bila kucheka, maana ng'ombe ameshacheka kwa niaba yenu nyote.