Jinsi ya Kumfukuza Kipaza kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Juni

Nina hasira mpaka masikio yanawaka! Timu ya mdahalo wa Kiingereza imebakiza nafasi moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi, niliyesoma nusu ya maktaba, na binamu yangu Kipaza, asiyesoma hata pakiti ya biskuti. Nilimwomba tufanye mazoezi pamoja. Akanipungia mkono kama anafukuza nzi: hebu nipishe, profesa. Mbele ya darasa zima! Jibu zuri likanijia baadaye, nikiwa chooni.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata silaha maktabani: "Go fly a kite!" Ukiisikia, utadhani unaambiwa ukarushe tiara angani. Hakuna tiara. Maana yake toka hapa, usinisumbue. Husemwa kwa mkato, kisha unageuka. Nikaifanyia mazoezi kwenye kioo cha bafuni. Kaka akabisha hodi, anataka kuoga. Nikamrushia. Akaapa nikitoka atanipiga kwa ndoo. Inafanya kazi!

Jumatano, 5 Juni

Kipaza alinifuata jikoni nikiosha vyombo. Eti nimwandikie insha. Nikamtupia ile! Akakodoa macho: ndiyo nini hiyo? Ningemwachaje mtu gizani? Nikafuta mikono, nikamweleza maana, matumizi, na kwamba haifai kwa wakubwa. Akavuta kigoda, akaomba mifano. Nikampa. Mama akasema hajapata kuona mtu akifukuzwa huku anabembelezwa akae. Kipaza akaondoka akisema asante. Asante! Nimemfukuza, ananishukuru! Nilivunja sahani. Nikagombezwa mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Mchujo. Mada: simu ziruhusiwe shuleni? Nilikuwa bado nafafanua neno "simu" Kipaza akanikatiza: "Go fly a kite!" Akageuka. Ukumbi ukalipuka. Mwalimu wa mdahalo akamkaripia kwa utovu wa adabu, kisha akampa nafasi: Kiingereza chake kina uhai. Akamuuliza alikojifunza. Lile jizi likajibu kwamba mambo haya mtu huzaliwa nayo! Nimelia kwa hasira. Nimeuma mto.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata msemo mkali kuliko ule. Kosa langu nimelijua: jikoni nilieleza kwa haraka mno. Leo nimempangia kiti sebuleni, nimeandaa historia ya msemo, mifano na zoezi dogo la mwisho. Kipaza ameuliza aje na kalamu? Nimemwambia aje nayo. Leo atakiona cha mtema kuni!