Siri ya Kola, Kifungo na Pindo

Jumatatu, 4 Machi

Yarabi! Miaka tisa mimi ndiye seta wa timu ya mpira wa wavu ya kiwanda chetu cha kushona sare. Miaka tisa nawainulia watu mpira, wanapiga wao, wanasifiwa wao. Sijawahi kulalamika. Labda mara kumi hivi.

Leo shemeji kaja mazoezini. Mdogo wa mke wangu, huyo. Kaanza kazi mwezi uliopita kwenye mashine ya vifungo, na analala sebuleni kwangu. Kaombwa ainue mipira miwili mitatu. Kainua! Ngazi, mpigaji wetu mrefu, kapiga mpaka vumbi likatimka upande wa pili. Msimamizi wa kiwanda, ambaye ndiye kocha, kasema binti ana vidole. Vidole! Mimi nina nini, kwato?

Jumamosi tunacheza na kiwanda cha masanduku, majirani zetu. Nafasi ya seta ni moja. Hainitoki hivi hivi.

Jumanne, 5 Machi

Dawa nimeipata. Mipira yetu ya haraka huwa naiita kwa namba. Moja ni mfupi, mbele ya pua yangu, mpigaji awe hewani kabla sijaugusa. Tatu unachapwa chini chini hadi katikati ya wavu. Tano unapita nyuma ya kisogo changu. Namba hizi kila mtu anazijua. Basi nimezifuta! Moja sasa ni Kola. Tatu ni Kifungo. Tano ni Pindo. Nimemwambia Msimamizi ni kwa usalama wa timu, kakubali. Wachezaji nimewagawia karatasi. Ya shemeji, bahati mbaya, ilipungua.

Dakika kumi hazijaisha, shemeji anaita Kola na Ngazi anapaa! Nikamuuliza kajuaje. Kanijibu kwa adabu zote kwamba kasikia mara moja tu, na kwamba hata hivyo yeye haangalii sana maneno, anaangalia miguu ya Ngazi.

Miguu! Tangu lini mtu akasoma miguu?

Jumatano, 6 Machi

Nimekaza kamba. Sheria mpya: pointi zetu zikiwa shufwa, maneno yanabaki vile vile. Zikiwa witiri, yanazunguka. Kola inakuwa Pindo, Pindo linakuwa Kifungo, Kifungo kinakuwa Kola. Nimeieleza mara nne. Ngazi kashika kichwa.

Nikaita Kola. Ngazi karuka mbele yangu, kachapa hewa tupu. Mimi nimeupeleka nyuma, kama sheria inavyotaka, na mpira ukaenda moja kwa moja kwenye kikombe cha chai cha Msimamizi. Chai yote kifuani! Nikawaeleza kwamba kosa ni la Ngazi, tulikuwa na pointi saba. Ngazi kasema haya ni mazoezi, hakuna aliyekuwa anahesabu.

Lahaula. Hilo sikuliwaza.

Msimamizi kasema, huku akijikamua shati, kwamba Jumamosi shemeji ataanza. Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Miaka tisa!

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Msimamizi nimenyoosha shati. Nikamwomba haki tu: seta lazima afanyiwe mtihani wa maneno yetu, mbele ya timu nzima. Asiyejua akae benchi. Kacheka, kisha kakubali. Mtihani ni kesho. Shemeji kwisha habari yake!

Ijumaa, 8 Machi

Aibu gani hii!

Msimamizi kauliza hivi: tuna pointi kumi na tisa, seta kaita Kifungo, mpira unakwenda wapi? Kaanza na mimi kwa heshima ya umri. Nikajibu bila kupepesa: katikati. Shemeji kainua mkono. Kaniomba radhi kwanza, kisha kasema kumi na tisa ni witiri, kwa hiyo Kifungo kimekuwa Kola, mpira ni mfupi. Msimamizi kafungua karatasi niliyoiandika mwenyewe. Kweli tupu! Watu wamecheka mpaka wamekaa chini.

Nyumbani nikamuuliza shemeji nani kamfundisha. Kasema ni mimi. Eti kila asubuhi nikinyoa ndevu nayakariri kwa sauti, na bafu limepakana na sebule. Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Roho inaniuma jamani.

Jumamosi, 9 Machi

Benchi. Mimi! Karibu na ndoo ya maji.

Na shemeji haiti chochote! Si Kola, si namba, kimya kama sindano. Anatazama miguu, anainua. Sikuvumilia. Nikasimama, nikawa naita mwenyewe ili timu isiangamie. Nikiita Kola, watatu wa masanduku wanaruka mbele. Nikiita Pindo, wote wanakimbilia nyuma. Hata sheria ya witiri wanaifuata! Mpira kila mara uko kwingine, na Ngazi anapiga mahali peupe. Tumeshinda seti tatu kwa bila.

Nahodha wao kanifuata jasho likimtiririka. Kasema wiki nzima walisimama nyuma ya ukuta wakisikiliza mazoezi yetu, wakayakariri maneno yangu yote. Nimepigwa na butwaa. Miaka yangu yote, watu wa kwanza kunitii ni wapinzani.

Msimamizi kanishika mkono. Kasema kuanzia leo nafasi yangu ni palepale benchini, nipige kelele tu.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari. Ni wazi kabisa: tumeshinda kwa sababu ya maneno yangu. Bila mimi shemeji angeumbuka. Kwa hiyo nafasi ya seta ni yangu kwa haki, na nitaichukua.

Nimetunga maneno mapya arobaini na mawili. Yanabadilika kwa pointi, kwa seti na kwa upande unakotoka upepo. Safari hii ni siri ya kaburini. Shemeji hatayajua hata kwa mtutu wa bunduki.

Shida ilikuwa nakala. Mke kakataa katakata kwenda kunitolea kopi. Shemeji kasema nisihangaike, kesho atapita dukani kabla ya kazi anitolee. Moyo mzuri kweli, yule binti. Nimemkabidhi daftari lote, na nimemwonya vikali asimwonyeshe mtu yeyote.