Yah: Mwanafunzi Wenu Kufuta Wanaume Wanne wa Kijiji Chetu

Mbinga,
Agosti 1999

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wako. Sisi huku milimani tunachuma kahawa, ambayo siku hizi inanunuliwa na kila mwenye gari na mizani, na tungekuwa na amani kabisa kama msingetuletea binti Lusekelo. Huyu ni mwanafunzi wenu wa utunzaji wa taarifa za afya, mliyemtuma kwenye kituo chetu afanye mafunzo kwa vitendo. Adabu anayo, ananiamkia Shikamoo kabla hata sijamwona. Shida ni kwamba vitendo amevifanya kweli.

Nieleze kwanza utaratibu wetu. Mimi kadi ya hospitali huisahau nyumbani. Zamani karani wetu, Mzee Othmar, hakuwa na neno: aliniuliza jina, akanifungulia faili jipya. Nami nilitaja jina lililonijia mdomoni siku hiyo, kwani mtu mzima hana jina moja. Magoti yalitibiwa kwa jina la Bartholomayo, la ubatizo. Presha ilikuwa ya Baba Edina, maana ndivyo ninavyoitwa nyumbani. Macho yakawa ya Ndunguru, jina la ukoo. Tumbo likawa la Mwenyekiti, kwa kuwa wakati huo niliongoza kamati ya kanisa, na kichwa kikaandikwa kwa jina la marehemu babu yangu, Urbani. Kila ugonjwa ukawa na mwenyewe. Malalamiko yangu sasa ni haya:

1. Katika kupanga mafaili, Lusekelo aligundua kwamba wanaume watano wa kijiji kimoja wameandikisha mke mmoja, Emerensiana. Badala ya kunyamaza kama watu wa ofisi wanavyonyamaza, alimfuata mke wangu kwenye mashine ya kusaga, akamwuliza kwa siri kama yuko salama na kama anahitaji msaada. Siri kwenye mashine ya kusaga husemwa kwa kupiga kelele, maana mashine inanguruma. Jumapili ile nilipanga mstari wa Komunyo huku watu wakinitazama, wengine wakihesabu.

2. Mke wangu alipomweleza ukweli, binti aliyaunganisha mafaili yote yakawa moja. Kijiji kimepungukiwa wanaume wanne bila msiba wala sanda. Akija mtu wa takwimu kutoka wilayani atadhani tumepatwa na tauni.

3. Nilikuwa wanaume watano, kila mmoja na kaugonjwa kake kamoja, jambo la kawaida kwa umri wetu. Sasa ni mtu mmoja mwenye magonjwa matano. Tabibu aliyekuwa akinipokea kwa tabasamu miaka yote, alipolishika hilo faili nene alivua miwani.

4. Baba Edina alikuwa amekatazwa pombe ya komoni na chumvi. Bartholomayo hakukatazwa. Kwa hiyo kilabuni alikwenda Bartholomayo, usipa, dagaa wa Mbamba Bay, aliutia chumvi Ndunguru, na Baba Edina alibaki nyumbani akitii masharti. Leo tumekatazwa wote watano, na wanne kati yetu hatuna kosa.

5. Hili ndilo kubwa. Urbani naye alikuwa amepewa vidonge vya kushusha presha, vya aina nyingine, na tabibu mwingine asiyejua habari za Baba Edina. Nilivimeza vyote kwa uaminifu, maana sipendi dawa ipotee. Lusekelo aliziweka karatasi za hao wawili pamoja mezani, akaniambia: "Babu, hawa wawili wanakuua." Mtu wa Tukuyu, hata hajamaliza mwezi kwetu, anawasingizia watu wawili wa ukoo wangu mauaji!

Kwa hayo tunaomba wale wanne warudishwe, Lusekelo apewe sifuri, na siku nyingine mtuletee mwanafunzi anayejifunza kwa kutazama tu, tena akiwa mbali.

Wasalimie walimu, wapishi na mlinzi wa getini. Mzee Othmar naye anawasalimu; anasema kabati la mafaili sasa linafungika, na hajui afanye nini mchana.

Ni sisi wenu watiifu,
Bartholomayo
Baba Edina
Ndunguru
Mwenyekiti
Urbani

Nyongeza: Mwandiko huu ni wa Lusekelo mwenyewe. Macho ya Ndunguru hayaoni tena mistari, na Edina wetu ameolewa Songea. Nilimtajia neno kwa neno, naye hakupunguza hata moja. Kwenye mashine ya kusaga alicheka mpaka tukapumzika. Kwenye sifuri aliandika polepole. Vidonge vya Urbani tabibu amevisimamisha. Nilipokuwa nikimeza vya wote wawili, nilikuwa naanguka ndani ya ngoro, yale mashimo tunayolimia mlimani, nikilala humo mpaka mke wangu aje akiniita. Niliogopa sana, Ndugu Mkuu, na sikumwambia mtu. Sasa nashuka shambani na kupanda kwa miguu yangu. Kwa hiyo ile sifuri ifuteni, mpeni binti alama zake zote, na akimaliza masomo mrudisheni kwetu. Nilimwomba Emerensiana naye aweke sahihi kwenye malalamiko, akakataa. Anasema katika wanaume watano ameachiwa mmoja, na huyo anamtosha, mradi abaki.