Ombi la Kuletewa Ruta Mbaya Zaidi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Ruta yenu kuheshimiwa kupita kiasi

Nakuandikia kwa heshima zote, na natumaini kwamba huko ofisini kwenu mtandao unapatikana.

Mimi ni mwanafunzi, na ni mjukuu katika nyumba ambayo fundi wenu alikuja kuweka waifai hivi karibuni. Juu ya fundi sina neno. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Bibi ameshawasimulia majirani wote. Lalamiko langu ni kwamba ruta mliyotuletea ni nzuri mno. Ni nyeupe, inang'aa, antena zake zimesimama kama masikio ya sungura, na ilikuja ndani ya boksi lenye karatasi laini. Kama mngetuletea kitu chenye sura ya kawaida, leo nisingekusumbua. Yaliyotupata ni haya:

1. Fundi alitupa maelekezo mema. Alisema ruta iwekwe mahali pa juu, katikati ya nyumba, na isisongwe na vitu. Bibi yangu, ambaye ni mama yake baba na ndiye mwenye nyumba, alimsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru. Fundi alipoondoka tu, Bibi aliichukua ile ruta kwa mikono miwili akaiweka ndani ya kabati la vyombo vya wageni, na waya akaupitisha kwenye upenyo wa nyuma. Tafadhali usidhani kwamba hakuelewa. Kabati letu ni refu kuliko baba. Limesimama sebuleni, na sebule iko katikati ya nyumba. Kuhusu kusongwa, alisogeza birika.

2. Kabati hilo lina milango ya vioo vya kujitazamia, na ndani limepangwa masinia ya chuma. Tumefundishwa shuleni kwamba mawimbi ya redio hayapiti vizuri kwenye chuma, wala kwenye kioo kilichopakwa madini kwa nyuma. Nilimweleza Bibi kwa adabu, nikamwekea na mchoro. Aliutazama sana. "Unachora vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Sasa hayo mawimbi yako, yakitaka kutoka, si yasubiri mlango ufunguliwe kama watu wengine?" Kisha akaifunika ruta kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyoifunika runinga na cherehani ya mama, kwa sababu taa zake zinamkodolea macho.

3. Ufunguo anao Bibi, na hutolewa kwa ajili ya wageni tu. Hiyo ni sheria ya nyumba tangu baba akiwa mdogo. Vikombe vile havijawahi kuguswa na mtu wa humu ndani isipokuwa kwa kuoshwa. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, sisi tuna waifai pale tu anapokuwepo mgeni. Mgeni akikaa, Bibi anafungua milango yote miwili ili atoe vikombe, na simu zetu zinaanza kulia kwa pamoja. Mgeni akiaga, vikombe vinaoshwa, milango inafungwa, nasi tunabaki kutazamana. Baba, ambaye ndiye analipia kifurushi, alijaribu kuomba. Alianza, "Mama, mimi nilikuwa nafikiri..." akaulizwa tangu lini. Siku hizi anasoma gazeti.

4. Kaka yangu, mpenzi wa mpira, ndiye aliyegundua dawa. Husimama getini akikaribisha watu. Ameshatuletea fundi viatu, muuza mayai, na mzee mmoja aliyekuwa akiulizia njia ya kwenda posta. Wote walipewa chai. Bibi amefurahi kupita kiasi. Anasema tangu babu afariki nyumba hii haijapata watu namna hii, na kwamba mjukuu wake amekuwa mkarimu ghafla. Kaka huitikia, "Ndiyo, Bibi," bila kuondoa macho kwenye simu.

5. Bahati mbaya wageni nao wana simu. Bibi huwatajia nywila yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, na akimaliza huwauliza kama imeingia vizuri. Fundi viatu sasa huja na viatu vya wateja, anashona kwenye kochi letu huku akitazama filamu. Muuza mayai amemleta shemeji yake. Viti vikijaa, sisi wenyeji tunasimama koridoni, na mtandao ukishagawanywa kwa wote hao, kwetu picha inafika kichwa bila mwili. Juzi niliomba kupita nikachukue begi langu la shule. Fundi viatu akaniambia, "Taratibu binti, unanikingia waifai."

6. Mama ni mshonaji, na wateja wake hutaka kuona nguo kwa picha kabla ya kuzifuata. Alipochoka kusubiri, alitoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akapiga hodi mlango wa mbele. Bibi alimpokea vizuri tu. "Karibu mwanangu, karibu. Watoka wapi?" Mama akasema anatoka mbali. Bibi akamtazama miguuni. "Na huko mbali ndiko wanakovaa kandambili zangu za bafuni?" Kabati halikufunguliwa. Mama alitumwa vitunguu, kwa kuwa alikuwa nje tayari.

7. Hili la mwisho ni langu mwenyewe. Nimeliweka huku chini kwa sababu nilifundishwa nisitangulize shida zangu. Nimeomba nafasi katika shule ya bweni ya sayansi, nimepita hatua ya kwanza, na Jumamosi hii asubuhi mwalimu mkuu wa shule hiyo atanihoji kwa video. Asiyepatikana hewani, nafasi yake anapewa mwenzake. Simu ya mama bila waifai hunigandisha nikiwa nimefumba macho na mdomo uko wazi, na sidhani kama hivyo ndivyo wanasayansi wanavyotakiwa kuonekana. Nilimwomba Bibi afungue kabati Jumamosi. Akauliza mgeni ni nani. Nikamjibu kwamba hakuna mgeni, ni mimi tu nina mahojiano. "Wewe umezaliwa humu humu," akasema, akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu. Kwanza niliona kampuni imwandikie Bibi barua yenye muhuri, kwa sababu muhuri anauheshimu. Lakini kwa kuwa anauheshimu, ataiweka kabatini. Nikafikiri mtuletee ruta ya pili. Hiyo nayo ataiweka kando ya mwenzake, ziwe seti. Ndipo nilipokagua nyumba nzima nikagundua kwamba vitu visivyo na hadhi ndivyo vimekaa mahali panapofaa mawimbi. Ndoo iko wazi koridoni. Ufagio umesimama katikati kabisa ya nyumba. Pasi iliyoungua iko juu ya jokofu, haina hata kitambaa.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Meneja, mje mchukue ruta hii na mtuletee nyingine iliyo mbaya. Iwe na rangi ya matope. Antena moja iwe imevunjika na kufungwa kwa utepe. Isije na boksi. Ije ndani ya mfuko wa plastiki uliowahi kubeba mkaa, na atakayeileta aiache mezani bila kuisifia, wala asivue viatu. Kama kiwandani kwenu hawatengenezi mbaya, nipeni ruhusa kwa maandishi, na mimi na dawa ya viatu tutafanya kinachowezekana. Na kama hilo nalo halikubaliki, basi naomba kampuni itangaze rasmi kwamba watu wote wanaoishi nyumbani kwetu ni wageni, kuanzia Ijumaa jioni.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Jumamosi. Nisalimie mafundi wote, hasa yule wetu, na wale dada wanaopokea simu na kutuomba tuendelee kusubiri. Msalimie na Mkurugenzi, kama huwa anasalimiwa. Bibi naye angewasalimu, ila hajui kama nimeandika.

Ni mimi mteja wenu wa wakati wa wageni,
Mjukuu wa Mwenye Kabati

Baada ya kutia sahihi: Barua pepe hii inakufikia Jumapili kwa sababu iliyoelezwa katika lalamiko la tatu. Kaka alikuwa na mitihani, hivyo hatukupata mgeni, hata fundi viatu hakupita.

Tafadhali usishughulikie ombi lolote hapo juu. Ijumaa mama alimwambia Bibi kwamba anayekuja kwenye video ni mwalimu mkuu. Bibi alinitafuta mpaka chumbani. "Mwalimu mkuu mzima anaingia nyumbani kwangu, na wewe unaniambia hakuna mgeni?" Jana nilipoamka, ruta ilikuwa mezani karibu na dirisha, wazi, bila kitambaa, na Bibi amevaa nguo yake ya harusi za watu. Kaka aliwekwa getini awarudishe watu. Mwalimu mkuu alipotokea kwenye skrini, picha yake ilikuwa safi kabisa, na Bibi alimuuliza habari za safari. Kisha akasogeza kiti chake pembeni akaniachia nafasi. Mwalimu mkuu alitaka nieleze tatizo moja nililowahi kulichunguza mwenyewe. Nilimweleza la chuma na vioo. Jioni ujumbe ukaja: nimepata nafasi, naenda mwezi ujao.

Huko bwenini simu haziruhusiwi, na waifai hakuna.

Tangu jana Bibi hajairudisha ruta kabatini. Amekaa karibu nayo. Ameniuliza kama ikiachwa hivi, wazi, usiku na mchana, inaweza kufika hadi huko shuleni kwangu. Nilianza kumweleza juu ya umbali, akanikatiza. Amesema nisiwajibie, niwaulize ninyi wenyewe.

Kwa hiyo nauliza.