Tofali za Karatasi za Mama Injinia

Jumatatu, 4 Agosti
Ujenzi umeanza! Mwanangu anarudi Jumamosi kutoka chuo. Wa kwanza ukoo mzima kusomea majengo, na akili hiyo hakuiokota barabarani, kaitoa kwangu. Safari hii halali tena chini ya meza ya kukatia nguo, miguu ikigusa cherehani. Atakuwa na chumba chake! Kanieleza kwa simu: karatasi, maji, saruji, koroga, fyatua tofali. Alipofika kwenye "lakini Mama", nikakata. Nilishaelewa.
Wifi yangu, tunayepakana naye ukuta, kachungulia kuuliza kama nafungua duka la magazeti. Nikampita. Nilikuwa na gunia la magazeti kichwani.

Jumatano, 6 Agosti
Kukoroga kwa mwiko ni kazi ya wasiosoma. Mimi darasa la saba nimemaliza! Nimeng'oa kichwa cha cherehani, mkanda nikaufunga kwenye mti wenye mbavu za mwavuli, mti nikautumbukiza kwenye ndoo. Nikakanyaga pedali. Mashine ikazunguka! Mara tatu. Mkanda ukakatika, gauni la bibi harusi wa watu likapata madoa ya kijivu. Nitamwambia ni mtindo mpya.
Wifi kacheka mpaka kashika kiuno. Acheke, meno ni yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Pikipiki ya mume wangu! Nimeisimamisha kwa stendi, gurudumu la nyuma ndani ya nusu pipa. Mume wangu kauliza nimeona wapi kitu kama hicho. Nikamwambia ataanza kukiona hapa. Nikawasha, nikavuta mafuta hadi mwisho. Lo! Karatasi ikasagika, saruji ikachanganyika, na nusu ya mchanganyiko ikaruka ukuta, ikatua kwenye nyumba ya wifi, mashuka ya wifi na wifi mwenyewe. Kaniita majina ambayo wazazi wangu hawakunipa.
Nusu iliyobaki, tofali thelathini na moja! Nimezipanga mbichi hivyohivyo. Jumamosi haisubiri.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukuta umelala kabla ya mwenye chumba. Mwanangu kakuta kilima cha uji, na mimi nimesimama mbele yake kukificha. Kacheka, kanikumbatia na tope langu lote. Ndipo akamalizia ya Jumatatu: lakini Mama, tofali zikae juani wiki kadhaa kwanza. Si angesema mapema!
Nikamvuta mpaka kwa wifi, anayekwangua ukuta kwa kisu tangu alfajiri. Uji wangu haubanduki! Mwanangu kagonga kwa kidole, kasema mchanganyiko ni mzuri kweli. Nikamwomba arudie kwa sauti. Mtaalamu kasema, wifi, umesikia?
Alasiri kajinyoosha chini ya meza ileile. Eti alipakumbuka. Nikainama, nikajifanya nashona asinione machozi. Kwenye cherehani isiyo na kichwa.

Jumanne, 12 Agosti
Mwanangu kafika chuo salama, kapiga simu. Nikamuuliza, je, paa nalo laweza kuwa la karatasi? Kasema inawezekana, lakini Mama...
Nikakata. Nimeshaelewa.
Pikipiki iko kwenye stendi. Wifi kaanika mashuka mapya.