Moto Upo, Joto Hakuna

Jumatatu, 7 Oktoba

Oveni imegoma. Marcelina aliiwasha asubuhi ili aoke skonzi, akasubiri, akatia mkono ndani. Baridi. Plati nne za juu zinawaka vizuri, oveni peke yake ndiyo imekufa. Na Jumapili ni kipaimara cha Leodgar, mtoto wa mwenyekiti wa kwaya, na keki ya ngazi tatu ameagizwa mke wangu. Mama Leodgar ni mtu wa maneno. Keki isipoonekana, mtaa wetu wote wa Itetemia utajua kabla ya misa ya pili, na Marcelina hataagizwa tena hata andazi.

Amesema nimwite Nurdini. Huyu ni jirani yetu, fundi umeme, na kabla hajagusa kitu chochote hucheka kwanza. Hupenda kusimulia kwamba mababu zake walikuja huku na misafara kutoka pwani, mafundi wa makufuli, kwa hiyo ufundi wake upo kwenye damu. Sawa. Mababu zangu ndio waliobeba hayo makufuli. Mtu aliyebeba kitu begani kutoka Bagamoyo hadi Tabora nadhani anakijua kuliko yule aliyetembea pembeni mikono mitupu.

Nimemwambia Marcelina nitatengeneza mwenyewe. Amenyamaza. Nimechukulia kuwa ni ruhusa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefungua kifuniko cha nyuma. Skrubu nyingi kuliko zinazohitajika, dalili ya kiwanda kisichojiamini. Nimegusa kwa tesita pale waya mkubwa unapoingilia. Kitaa kikawaka. Maana yake moto upo, yaani umeme unafika. Nimehakikisha mara mbili, mara ya pili kwa kidole, bila kukusudia. Nikajikuta nimekaa ndani ya beseni la vyombo.

Marcelina alikuja mbio kuuliza kama niko hai. Nikamjibu kwamba moto upo. Akatia mkono kwenye oveni, akasema hakuna moto hapa. Nikamweleza kwa upole kwamba yeye anaongelea joto, mimi naongelea moto, na kwa mafundi hivyo ni vitu viwili tofauti. Akasema keki haiivi kwa maelezo.

Imeniuma. Tangu nistaafu kule ghala la tumbaku, nyumba hii inaendeshwa na unga wa Marcelina, na mimi kazi yangu ni kupokea salamu mlangoni. Nataka mara moja tu aseme mbele ya watu: jiko hili kalitengeneza mume wangu. Sioni kama ni jambo kubwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimelala na tatizo, nimeamka na jibu. Moto unaingia. Joto halionekani. Basi joto linavuja! Nimekagua mlango wa oveni na kweli, mpira wake umechakaa, kwa chini umepasuka kabisa. Mjini duka la vipuri wamesema mpira kama ule lazima uagizwe Dar, nirudi mwisho wa mwezi. Nimewaambia kipaimara hakingoji mwisho wa mwezi. Wamekubali kwamba hakingoji.

Wakati wa kurudi nimekutana na Nurdini kwenye uzio. Ameuliza habari za jiko. Sijui nani kamwambia. Nimemjibu jiko halijambo. Akacheka.

Mchana nikakumbuka nta. Mjomba wa Marcelina, mzee Jilala wa Sikonge, mfugaji nyuki, alituletea donge zima mwezi wa saba na hakuna aliyejua la kulifanyia. Nta haipitishi maji, haipitishi upepo, kwa nini ipitishe joto? Nimeiyeyusha kwenye sufuria ya Marcelina ya kuchemshia sukari na kupaka mlango pande zote. Halafu nikapaka na kuta za ndani, maana sikuwa na uhakika joto linatokea wapi hasa. Kazi safi. Inang'aa. Marcelina ameuliza sufuria yake iko wapi na nimemwambia inapumzika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nta bado inanata. Joto la mwezi huu haliruhusu kitu kushika. Nimelisukuma jiko zima hadi uani, juu ya gunia, nikaliegesha ukutani penye kivuli. Mlango nimeuacha wazi kidogo, upana wa kidole, hewa ipite. Nimepiga marufuku mtu yeyote kulikaribia.

Mama Leodgar amepiga simu kuulizia keki. Marcelina amejibu keki ipo, asiwe na wasiwasi, kisha akakata simu na kukaa muda mrefu akiangalia unga. Nimemhakikishia kwamba kesho anaoka. Ameniuliza kama naelewa kwamba jina linaloharibika hapa ni lake, si langu. Nimesema naelewa. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, kwa sababu uani kulikuwa na nyuki.

Wachache tu, wanazunguka jiko na kuchungulia. Nimewafukuza kwa gazeti. Wamerudi na wenzao. Nimeona ni dalili njema: nta ni halisi, haijachakachuliwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika kwa jicho moja.

Asubuhi nilisikia jiko linanguruma. Mngurumo mzito, wa chini chini, kama transfoma. Nikajua oveni imepona. Nilifurahi mpaka nikamwita Marcelina aje asikie. Alisikiliza, akasema jiko halijachomekwa kwenye umeme. Wakati huo nilikuwa nimeshafungua mlango.

Mzee Jilala ameletwa na bodaboda kutoka Sikonge. Nimempa shikamoo kwa mdomo uliovimba, akaitikia marahaba, mkwe, akaenda kulitazama jiko kwa mbali, mikono nyuma. Halafu akauliza nani alinifundisha. Kasema kwao mtu akitaka kuita nyuki hupaka nta ndani ya mzinga mpya, huacha mlango upana wa kidole, na kuuweka kivulini mwezi huu huu ambapo makundi yanatafuta pa kuhamia. Mkwe wake hajakosea hata kimoja. Yeye ana mizinga mipya aliyoitundika msituni tangu mwaka juzi na mpaka leo haijaingiwa na hata nzi. Aliongea kwa masikitiko.

Nimemuuliza kama anaweza kuwatoa leo. Amesema lazima akalete mzinga mtupu, atarudi Jumapili jioni, na kabla ya hapo asiwepo wa kuwagusa.

Marcelina alikuwa amekaa kizingitini. Hakugomba. Alikuwa anakunja aproni yake, anaikunjua, anaikunja tena, na machozi yanamtoka. Ningependelea agombe. Nimekaa karibu naye nikatafuta la kusema, nikamwambia kwamba angalau hakuna aliyewahi kuvuta kundi zima kwa siku moja. Akaingia ndani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwanajuma, mke wa Nurdini, alisikia habari zetu. Nadhani Tabora yote imesikia. Alfajiri alibisha hodi, akamwambia Marcelina abebe unga, mayai na vyombo, waende kuoka kwao. Hawana oveni. Wana masufuria makubwa, mchanga na gunia la mkaa. Mchanga chini ya sufuria, bati la keki juu ya mchanga, mfuniko, halafu mkaa juu ya mfuniko na mkaa chini. Wanawake wamekaa uani mwao kutwa nzima, na Nurdini mwenyewe anapepea kwa ungo.

Nilijitolea kusaidia. Marcelina alisema msaada wangu mkubwa leo ni kubaki upande wangu wa uzio. Nimebaki. Kupitia uzio niliwashauri kuhusu mzunguko wa hewa. Wameongeza mkaa. Nimekula ugali wa jana, na nyuki wangu uani walikuwa na kelele za watu waliofurahia nyumba.

Ngazi ya chini imeinama kidogo. Marcelina ameisawazisha kwa krimu.

Jumapili, 13 Oktoba

Keki ilisimama! Ngazi zote tatu. Mama Leodgar alishika maikrofoni akasema hajala keki yenye harufu nzuri ya mkaa kama ile tangu utoto wake, na kinamama wawili wakaagiza papo hapo. Marcelina alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii, na nikiri kwamba niliona fahari mpaka jicho lililovimba likatoa maji.

Kisha alipewa maikrofoni yeye ashukuru. Nilifunga vifungo vya koti, nikasimama tayari. Alimshukuru Mwenyezi Mungu, Mwanajuma, na Nurdini. Nimekaa tena. Watu waliokuwa karibu walidhani nilisimama kunyoosha miguu.

Jioni mzee Jilala amewahamisha nyuki bila kuumwa hata mara moja. Ameondoka akiwa na mzinga umejaa, mwenye furaha. Ameniuliza kama nina majiko mengine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudisha jiko ndani na kulichomeka. Oveni bado baridi. Marcelina alikuwa anafuta swichi za mbele, maana asali ilidondoka nyuki walipohamishwa, na kitambaa kikazungusha ile ya saa. Tik. Oveni ikaanza kupata moto. Yaani joto.

Marcelina ameweka kitambaa chini. Halafu ameniuliza kama Jumapili ile, kabla ya mambo yote haya, si nilitumia saa ya jiko kuhesabia mayai yangu ya kuchemsha. Nilitumia. Saa ile ikifika mwisho huzima oveni, na haiwaki mpaka mtu airudishe mahali pake. Oveni ilikuwa nzima wiki yote.

Nilikuwa natafuta jibu la heshima ndipo nta ikaanza kuyeyuka. Jikoni pakanuka mishumaa kama mkesha wa Pasaka, moshi ukatoka, nta ikatiririka hadi kwenye viatu vyangu. Tumekwangua mpaka jioni. Mwishoni Marcelina amesema asante kwa kulirudisha jiko ndani, na nikiligusa tena nitakwenda kuishi Sikonge na nyuki.

Amesema asante. Nimeiandika hapa ili isisahaulike.

Jumanne, 15 Oktoba

Nurdini ameniita kwenye uzio. Kasikia oveni inafanya kazi, ubovu ulikuwa wapi? Nimemjibu kwamba ubovu wa aina ile si rahisi kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Nadhani imemwingia.

Ndani, Marcelina amekusanya bisibisi, koleo na tesita, ameviweka kwenye sanduku lake la vitenge, akalifunga, na ufunguo ameuvaa shingoni. Alipotoka kwenda sokoni nimelitazama lile sanduku kwa karibu. Bawaba zake zimelegea vibaya. Zinahitaji fundi.