Kinundu cha Upande wa Kushoto

Jumatatu, 4 Mei

…na bado sijamaliza kukueleza, shajara yangu, jinsi anavyotabasamu usingizini. Wiki ya tatu ya ndoa! Nikiitwa mke wa mtu, bado nageuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Leo nimefua suruali yake. Mfukoni, kadi ya kituo chetu cha picha za ubongo, namba 0417. Kumbe kweli alijitolea kuingia kwenye mashine ya MRI! Anasema alilala mle ndani kama gogo. Kazini hatuonyeshwi majina, namba tu. Nimeikariri.

Jumanne, 5 Mei

Umefika! Ubongo wa mume wangu, mezani kwangu!

Chumba chetu hufungwa mapazia kutwa, saa nne asubuhi ni kama magharibi. Kompyuta huchora mstari kuuzunguka uso wa ubongo, sisi twakagua kama mstari umefuata mikunjo au umepotea njia. Kisha twabofya: pita, rekebisha au tupa. Mimi sikukagua. Nilielea. Vilima, mabonde, kijivu laini kama alfajiri ya ukungu. Na upande wa kushoto, kinundu! Mstari umevimba pale kama shavu lililoficha peremende. Hapo ndipo aliponiweka. Sina shaka.

Pita.

Jumatano, 6 Mei

Balaa. Kila picha hukaguliwa na watu wawili. Wa pili alikuwa Darubini, jirani yangu wa meza, miwani minene, roho nyembamba. Amebofya tupa. Mume wangu, tupa! Ati mwenye kichwa hicho alijitikisa mpaka picha ina mawimbi kama maji ya beseni, na kinundu ni utando wa nje tu, kompyuta imeudhania ubongo. Nikamwambia yeye hajawahi kupendwa. Akajibu ana mke na watoto wanne, na hakuna mwenye kinundu.

Tukipingana, mkuu wetu ndiye huamua, kila Ijumaa. Na Ijumaa hiyohiyo ataamua kama napewa ajira au majaribio yangu yameishia hapo. Lazima nifanye kitu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefanya. Mstari unaruhusiwa kusahihishwa kwa mkono. Darubini alipokwenda kunywa chai, nikauvuta, nikaunyoosha, penye mawimbi nikakisia. Kinundu sikukigusa. Moyo ukataka niongeze kingine upande wa kulia. Nikajizuia.

Kisha nikaongeza.

Ijumaa, 8 Mei

Mkuu kaniita. Kasema ameona bongo nyingi, lakini huu ni wa kwanza kuota kinundu cha pili saa ya chai. Nikakiri: ni wa mume wangu. Akafungua faili ya 0417. Halafu akaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba mwenye picha ni mwanamke, mtu mzima.

Mwanamke!

Nyumbani mume wangu akainamisha kichwa. Mashine ilipoanza kugonga, kumbe alitoka mbio bila viatu. Mama yake, aliyemsindikiza, akajiandikisha yeye, akisema wote wawili hawawezi kukimbia. Kadi ni ya mama, alimpa mwanawe amshikie tu. Nikampigia simu mama mkwe. Akacheka mpaka akakohoa. Ile mashine, mwanangu, ilikuwa inagonga kama ngoma ya harusi yenu, sasa mimi ningetuliaje?

Siku nne nimekuwa nikimpenda mama mkwe!

Ajira sijapata. Nimeongezewa mwezi wa majaribio, kwa masharti: nisikague ndugu, na Darubini akae ubavuni mwangu.

Jumamosi, 9 Mei

Nimetafakari, nimekubali. Utando si ubongo. Mstari haufuati moyo. Sawa.

Lakini kama mama anacho kinundu, si mwana amekirithi? Mbona iko wazi! Nimemwandikisha mume wangu upya, Jumatano ijayo. Ameahidi hatakimbia, na viatu nitavishika mimi. Namba yake nimeshaikariri. Darubini nitamtafutia chai ndefu.

Mama mkwe naye nimemwambia nitakwenda kumsuka nywele. Amefurahi, ati amepata mkamwana mwenye mapenzi. Nitaanzia kushoto, nikipapasa taratibu. Nimemwahidi: kabla mwezi haujaisha, nitakuwa nimefika kwake.